Udugu ni Kufaana: Historia ya Nyumba ya Kihindi kutoka Unguja hadi Kivu

Katika Kashebere, mashariki ya Kongo, mahali Masisi inapopakana na Walikale, Mhindi anajulikana kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara wa mjini, wa Goma au Bukavu, mwenye duka la jumla. Ya pili ni ya askari wa kulinda amani, kwa kuwa India ilitoa wanajeshi wengi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, uliogeuzwa jina kuwa MONUSCO mwaka 2010, na sehemu kubwa yao ilipangwa Kivu Kaskazini. Sura zote mbili zinamwonyesha mtu akiwa kazini. Nyumba yake haionekani. Kwa hiyo nyumba hiyo huelezwa kwa kukisia. Husemwa kwamba Wahindi wameumbwa kushikana, hula chungu kimoja tangu enzi za mababu, na damu yao ndiyo siri ya mali yao. Nataka kuonyesha kwamba kisio hilo linaiweka historia kichwa chini miguu juu. Ukaribu wa nyumba ya Kihindi katika Afrika ya Mashariki ulitengenezwa hapa hapa, kwa muda wa karibu karne nzima. Ulitengenezwa na mikopo, na sheria za wakoloni, na kazi ya wanawake, na jasho la watumishi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kilichotengenezwa na watu kinaweza kuchunguzwa, kusifiwa panapostahili na kulaumiwa panapostahili. Tena kinaweza kutengenezwa na watu wengine.

Tuanze Unguja ya karne ya 19. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya Wabhatia, Wahindu kutoka Kutch nchini India, ilikodi forodha ya Sultani kuanzia miaka ya 1830 na kuishikilia kwa sehemu kubwa ya karne hiyo. Pasipo kujua zaidi, mtu angedhani kwamba nyumba tajiri namna hiyo ilijaa wake, watoto na mabibi. Haikuwa hivyo. Mila ya Wabhatia ilimzuia mwanamke kuvuka bahari, hivyo mke na watoto walibaki Kutch, na mume aliwaona baada ya miaka kadhaa, pepo za msimu zilipomchukua kwenda na kumrudisha. Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kushughulikia suala la biashara ya watumwa, aliueleza mwendo wa maisha ya wafanyabiashara hao. Kijana alikuja na barua za watu wa jamii yake, akafanya kazi kwa muda katika duka la mkubwa, kisha akafungua lake kwa bidhaa za kukopeshwa. Akishapata kidogo alirudi kwao kuoa na kutafuta wabia, halafu akaja tena Afrika kufanya biashara kubwa zaidi. Mpangilio huo ni ushahidi wa kwanza wa hoja yangu. Mkopo ulitangulia, ndoa ikafuata. Nyumba ya Unguja ilikuwa mahali pa hesabu kabla haijawa mahali pa watoto, na vijana waliolala chini ya paa moja waliunganishwa na daftari la tajiri.

Tena imani hiyo ya mikopo haikukomea kwa watu wa damu moja, na hapo ndipo historia hii inapoigusa Kongo. Tharia Topan, Mhindi Mwislamu wa jamii ya Khoja aliyekuja kuwa msimamizi wa forodha ya Unguja mwaka 1876, ndiye aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed, anayejulikana kama Tippu Tip. Msafara mkubwa wa Tippu Tip uliomfikisha Kasongo na Nyangwe, katika Manyema, ulimweka bara zaidi ya miaka 10 kabla hajarudi Unguja mwaka 1882. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, Tharia anatajwa kama mtu wa kuaminiana naye. Mhindi wa Unguja alimwachia mali yake Mwarabu Mswahili ambaye kwa miaka mingi hakumwona hata uso. Basi haiwezekani kusema kwamba watu hawa hawakuweza kumwamini mtu asiye ndugu. Lazima pia kusema kwa uwazi kwamba mitaji hiyo iligharimia bunduki na vita vilivyochoma vijiji vya Manyema na kuwatia watu utumwani. Ndani ya nyumba za Kihindi za Unguja zenyewe walikuwamo watumwa, na balozi wa Uingereza, Rigby, aliwaacha huru maelfu yao waliomilikiwa na Wahindi kuanzia mwaka 1860. Nyumba ya mwanzo, kwa hiyo, ilikuwa ya makarani, wadeni na watumwa. Familia tunayoifikiria leo ilikuwa bado haijaingia.

Walioanza kuiingiza ni Makhoja na Mabohora, Waislamu ambao hawakuwa na mwiko wa bahari. Walikuja na wake zao, wakajenga, wakazika wafu wao Unguja. Mji Mkongwe bado unaonyesha walivyoishi. Nyumba ya Kiarabu imegeukia ndani, kuzunguka ua wake, na ukuta wake wa nje ni mzito na mkimya. Nyumba ya Kihindi imegeukia njia: chini ni duka lenye milango mipana ya kukunjwa, juu ni vyumba na roshani, na ngazi inaunganisha biashara na kitanda. Wanawake wa Kihindu walianza kufika mwishoni mwa karne hiyo, zama za Sultani Barghash na baada yake. Bara mambo yalichelewa zaidi. Wenye maduka wa kwanza katika miji ya misafara waliishi bila wake wa Kihindi, na wengi walikaa na wanawake wa Kiafrika wakazaa nao. Wake walipoanza kuletwa kutoka Gujarat, wengi wa wanawake hao na watoto wao wa mchanganyiko walisukumwa nje ya nyumba, nje ya urithi na nje ya kumbukumbu. Huu ni ukweli mchungu katika historia ya ukaribu huu: mlango wa familia ulifungwa kwa nia, na ulifungwa mbele ya watu waliokuwa tayari ndani. Damu haikuamua kitu hapo, kwa sababu watoto wale walikuwa damu yao.

Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa, walio wengi walirudi kwao, na zaidi kidogo ya 6,700 ndio waliobaki. Watu wengi hudhani kwamba wenye maduka ni wajukuu wa vibarua hao, lakini wengi wa wenye maduka walikuja kwa njia nyingine, kwa nauli yao au ya mjomba. Muljibhai Madhvani, ambaye baadaye alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, alifika Uganda mwaka 1908 kwa sababu mjomba wake, Vithaldas Haridas, alikwisha kuwa na duka huko. Meli za mvuke zilizokwenda kati ya Bombay, Mombasa na Dar es Salaam zilirahisisha kuleta mke, halafu mdogo wa mke, halafu mpwa. Reli ya Kijerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji, watawala wa Kongo, nafasi zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Kwa njia hiyo maduka ya Kihindi yalifuata ziwa kutoka Kigoma hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie, yakapanda hadi Bukavu. Katika Kenya peke yake Waasia walikuwa zaidi ya 97,000 mwaka 1948 na zaidi ya 176,000 mwaka 1962. Watoto waliozaliwa hapa walikuwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Kambi ya wanaume ilikuwa imegeuka nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwaje siku kwa siku? Masimulizi ya wazee, kama yale aliyoyakusanya Cynthia Salvadori katika kitabu cha mwaka 1996 kuhusu Wahindi wa Kenya, yanafanana kwa mambo makubwa hata pale dini zinapotofautiana. Mbele kulikuwa na duka la mabati lenye baraza, na barazani fundi cherehani akishona kaptura na magauni. Nyuma ya pazia au mlango mmoja kulikuwa na chumba au viwili, jiko na ua. Wanawake waliamka alfajiri, kwa sala kwanza, kisha kukanda unga wa chapati za watu 10 au zaidi. Duka lilifunguliwa mapema na kufungwa usiku, na chakula kililiwa kwa zamu ili kaunta isibaki tupu. Watoto wakirudi shule walipima sukari na chumvi, wakazifunga kwa karatasi, wakajifunza hesabu na Kiswahili mahali pamoja. Bwana alipokwenda mjini kununua bidhaa, mke ndiye aliyeuza, akapatana bei, akaandika deni. Usiku magodoro yalitandikwa, mengine kati ya magunia. Mtoto hakulelewa na mama yake tu: bibi alimwogesha, mke wa baba mkubwa alimlisha, baba mdogo alimpeleka kwa mganga. Kila mtu aliitwa kwa cheo chake katika ukoo, na cheo hicho kilieleza nani hula kwanza, nani huamua, na nani hunyamaza. Sanduku la fedha lilikuwa moja na ufunguo wake mmoja, kwa kawaida mkononi mwa baba au kaka mkubwa. Hakuna aliyelipwa mshahara, na hakuna aliyekosa ada ya shule au mahari pindi zamu yake ilipofika.

Maisha ya namna hiyo yalikuwa na sababu zake, na sababu kubwa ziliandikwa katika sheria. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubali kwamba ardhi ya nyanda za juu za Kenya isigawiwe Wahindi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimpa gavana uwezo wa kuzuia mauziano ya ardhi kati ya watu wa rangi tofauti, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukaziacha nyanda hizo mikononi mwa Wazungu. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya ya umma, alikuwa amependekeza Nairobi igawanywe mitaa kwa rangi, kwa kisingizio cha afya. Aliyezuiwa kulima alibaki na duka, na aliyezuiwa kukaa anapotaka alibanana na wenzake mtaa mmoja. Mwenye duka dogo hakuwa na dhamana ya kupeleka benki. Dhamana yake ilikuwa jina la ukoo, na mwenye duka la jumla alimkopesha kwa kuwa alimjua baba yake na wajomba zake. Deni la mmoja lilikuwa aibu ya wote. Kufanya kazi bila mshahara, kulala kati ya magunia, kula chungu kimoja, vyote vilipunguza gharama hadi mtaji ukapatikana. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika nyumba hii daftari lilikuwa na mamlaka ya mzee wa ukoo. Upande wa pili, sheria za wakoloni katika Kenya na Tanganyika zilizuia kuwakopesha Waafrika, kwa madai ya kuwalinda na madeni. Kwa kalamu ile ile Mhindi alisukumwa dukani na Mwafrika akanyimwa bidhaa za kuanzia. Anayelinganisha familia hizi mbili bila kuzisoma sheria hizo analinganisha mwenye jembe na aliyenyang'anywa jembe.

Mtu atapinga: familia ya pamoja ni mila ya India yenyewe, ya karne nyingi kabla ya meli na reli. Pingamizi hilo lina uzito, na sikatai kwamba watu walikuja na mfano kichwani wa jinsi nyumba inavyopaswa kuwa. Lakini mfano mmoja ulizaa nyumba tofauti kulingana na kazi. Wagoa, Wakatoliki kutoka Goa, walikuja wengi kuwa makarani wa serikali. Walipata mshahara wa mwezi, nyumba ya serikali na uhamisho wa mara kwa mara, na familia zao zilielekea kuwa ndogo, za mume, mke na watoto. Masingasinga wengi walikuwa mafundi wa reli na ujenzi, wakalipwa kwa ujuzi wa mikono yao wenyewe. Ukoo mkubwa chini ya paa moja ulistawi hasa pale penye duka na deni. Tuangalie pia ukoo wenyewe unapoachwa bila kitu kingine. Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch mwaka 1851 na kufika Bagamoyo akiwa mtoto, alifungua matawi mengi kuliko mfanyabiashara yeyote wa zama zake, kutoka pwani hadi Uganda na mipaka ya Kongo. Alifariki Mombasa mwaka 1916 baada ya kuugua homa katika safari ya Kongo. Mwanawe alirithi kila kitu, akajenga kwa kumbukumbu ya baba shule ya Mombasa ambayo bado ipo, lakini biashara haikudumu. Mtandao wa Allidina ulisimama juu ya mawakala waliomwamini yeye na yeye akawaamini. Imani hiyo haikuandikwa katika wosia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linauliza: ukaribu huo ulikuwa wa nani? Kwa mkaza mwana, nyumba ya pamoja mara nyingi ilikuwa shule kali. Aliingia akiwa msichana, ng'ambo ya bahari na mbali na mama yake, akawa wa mwisho kula na wa kwanza kuamka. Kazi yake dukani haikuandikwa popote, wala jina lake halikuwa juu ya ubao wa duka. Tena nyuma ya ua kulikuwa na yaya, mpishi na dobi wa Kiafrika. Yaya alimbeba mtoto wa Kihindi mgongoni na kumfundisha Kiswahili chake cha kwanza, lakini hakukaa naye mezani. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake. Watoto wake mwenyewe walibaki kijijini bila mama. Ukaribu wa nyumba moja ulilipiwa kwa umbali katika nyumba nyingine. Jambo hili lazima liwe ndani ya historia yenyewe, kwa sababu muda wa bibi wa kukaa na wajukuu, na muda wa mke wa kukaa kaunta, ulinunuliwa kwa mshahara mdogo wa mtu huyu. Chuki iliyolipuka baadaye ilichochewa na wanasiasa, lakini ilipata kuni katika majiko hayo. Hata hivyo nyumba haikuganda. Aga Khan III, kiongozi wa Waismaili, dhehebu la Makhoja wengi, aliwahimiza wafuasi wake wamsomeshe binti kwanza kama uwezo ni wa mtoto mmoja. Taasisi zilizotokana na jubilei zake, kama bima ya Jubilee ya mwaka 1937, zilianza kuipa familia kinga ambayo zamani ilitolewa na ukoo peke yake. Kadiri kinga hiyo ilivyokua, vijana walihamia nyumba za vyumba vitatu, mume, mke na watoto wao, na hawakuonekana wasaliti. Mahitaji yaliyowabananisha yalikuwa yamepungua.

Kisha ikaja miaka kumi iliyoujaribu ukaribu huo kwa moto. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yaliwatoa wengi Unguja. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na Uingereza ikafunga mlango wake kwa sheria ya Machi 1968. Tanzania ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 mwaka 1971, na familia nyingi zikawa wapangaji katika nyumba walizojenga. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Hapo ilionekana kwamba kitabu kidogo cha pasipoti kina nguvu kuliko damu. Mume alikuwa na pasipoti ya Uingereza, mke alikuwa raia wa Uganda, baba mzee alikuwa na hati ya India, na nyumba moja iligawanywa kati ya ndege za London, Bombay na kambi za Ulaya. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, na maelfu walikwenda Kanada. Walipokusanyika tena Leicester au kaskazini mwa London, nyumba haikuwa ile ya zamani. Duka halikuwapo, mwanamke alikwenda kiwandani na kurudi na mshahara wenye jina lake. Mwaka 1976 mgomo wa kiwanda cha Grunwick, London, uliongozwa na Jayaben Desai, Mgujarati aliyewahi kuishi Tanzania, na wengi wa wanawake waliosimama naye walitoka Afrika ya Mashariki. Mtu hawezi kunyamazishwa mezani na mtu anayemtegemea kwa kodi ya nyumba. Ukaribu uliojengwa upya baada ya hapo ulilazimika kumsikiliza mkaza mwana.

Kongo ilikuwa na mtihani wake. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza hatua zilizoitwa zairianisation, na mashamba na maduka ya wageni yakagawiwa Wazaire, wengi wao watu wa karibu na utawala. Mashariki ya nchi hatua hizo ziliwakumba Wagiriki, Wabelgiji, Wahindi na Wapakistani. Waliopewa walipokea jengo, mali iliyokuwa rafuni na funguo. Mahali pengi rafu zilikwisha na hazikujazwa tena, kwa kuwa mwenye duka la jumla wa Mombasa au Bujumbura alimwamini mtu, hakuyaamini matofali. Mwaka 1976 serikali yenyewe ilibadili mwendo na kuwarudishia wenye mali wa zamani sehemu ya mali zao. Hapa mpinzani wa tatu atasema: basi imethibitika, Mwafrika hawezi. Jibu liko katika Kivu Kaskazini hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Kinande wa Butembo na Lubero walikuwa wakipeleka maharagwe na mboga hadi Kisangani. Katika miaka iliyofuata walijenga mtandao wao wenyewe wa kuagiza bidhaa kutoka Asia, katika nchi isiyo na benki za kutegemewa na yenye barabara zilizokufa. Mtafiti Janet MacGaffey aliandika habari zao katika miaka ya 1980. Walitumia ukoo, kanisa, sifa njema na aibu ya kuvunja ahadi. Hawakuwa na tone la damu ya Gujarat. Walikuwa na sharti lile lile: watu waliolazimika kuaminiana kwa sababu dola haikuwalinda, na waliolinda sifa yao kama mtaji.

Turudi sasa kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, ambako swali la nani ni wa nyumba moja limekuwa swali la uhai. Mwezi Machi 1993 mauaji yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, yalisambaa hadi Masisi, yakawagawa majirani Wahunde, Wanyanga na Wahutu waliokuwa wakiuziana, wengine wakioana. Tangu hapo vita vimerudi kwa majina mengi. Kila vinaporudi, sehemu kubwa ya waliokimbia hawafiki kambini kwanza. Hupokewa katika nyumba za watu. Nyumba ya watu 6 inakuwa ya watu 15, jiko moja, shamba moja, na watoto wa wageni wanalelewa na bibi asiye wao. Anayeitafuta familia ya pamoja nchini India pekee hajaitazama Kashebere. Huko imejengwa na hitaji, kama ilivyojengwa nyuma ya duka la Kihindi. Tofauti iko katika kilichofuata. Nyumba ya Kihindi ilibananisha watu na kupata mkopo. Nyumba ya Masisi hubananisha watu na kupata hasara, kwa kuwa mwenyeji na mgeni wote wameacha mashamba, na akiba yao huporwa njiani au kwenye vizuizi vya barabara.

Ndiyo maana naona kosa kuwaambia watu wa Masisi na Walikale wajifunze upendo wa familia kutoka kwa Wahindi. Upendo wanao, na wamelipa kwa ajili yake kuliko wengi. Yanayofaa kujifunza ni mambo ya wazi: daftari linalosomwa na wote, deni linaloheshimiwa, mtoto kuandaliwa kwa kazi na shule kwa pamoja, na sifa njema kulindwa kama mali. Likelemba, yaani michango ya kupokezana, na vikundi vya akiba vya akina mama tayari vinafanya kazi hiyo, na mara nyingi vinawakutanisha wanawake wa makabila ambayo wanaume wao wamepigana. Yanayofaa kuepukwa nayo yameandikwa katika historia hiyo hiyo: kuficha kazi ya mwanamke nyuma ya jina la mume, kumtumia mtumishi bila kumhesabu kuwa mtu wa nyumba, na kufunga mlango kwa misingi ya damu hadi siku jirani anapofurahia kuanguka kwako. Wahindi wa Uganda walijifunza hilo la mwisho kwa siku 90. Masisi imelijifunza kwa zaidi ya miaka 30. Udugu ni kufaana, si kufanana, na wasemao hivyo wana ushahidi wa karne mbili upande wao. Serikali na mashirika yanayodai kuisaidia Kashebere yangeanza vizuri kwa kukopesha nyumba ambazo zimekwisha kuthibitisha, kwa vitendo, kwamba zinaweza kubeba watu wasio wao.